Ajali Ina Kinga

(Hotuba hii ilisomwa na katibu wa kamati ya wafanyakazi mbele ya mkutano wa wanachama uliofanyika Temeke, Dar es Salaam. Tunaichapa yote kama alivyoisoma, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hupata riziki yao gatini, viwandani na katika magodauni. — Mhariri)



Mwenyekiti aliponitaka nizungumze juu ya usalama wa mfanyakazi, nilimjibu kwamba wako wasomi wanaoweza kulieleza jambo hili kwa ufasaha kuliko mimi. Akaniambia, "Wasomi watakuja siku nyingine. Wewe sema uliyoyaona." Basi leo nitasema niliyoyaona, na moja nililolitenda.

Naanza na maneno matatu ambayo kila mmoja wetu ameyasikia tangu utoto: Ajali haina kinga. Twayasema msibani, twayasema hospitali, twayasema tukiwa tumekaa barazani. Mtu akivunjwa mguu na mashine, jirani huja, hutikisa kichwa, husema, "Ndugu yangu, ajali haina kinga." Nia yake ni njema, ataka kumpoza mwenziwe moyo. Lakini nimekuja kuyapinga maneno hayo mbele yenu. Nasema kwamba ukisha kupita lango la kazi, maneno hayo si kweli. Nasema pia kwamba kuna watu ambao uongo huo huwafaa sana, na watu hao si sisi.

Kudra ya Mungu sibishani nayo. Lakini Mungu siye aliyekataa kununua breki mpya.

GARI LENYE NDIMI MBILI

Ajali za kazini ni nyingi: wako wanaoangukiwa na kontena, wako wanaokatwa vidole na mashine, wako wanaoanguka kutoka juu ya majengo. Nitachukua moja tu, ile ninayoijua kwa mikono yangu, nayo ni ajali ya foklifti.

Kwa ajili ya wazee na akina mama ambao hawajapata kuingia godauni, nitaieleza. Foklifti ni gari fupi, nene, lenye ndimi mbili za chuma mbele. Ndimi hizo huingizwa chini ya paleti, yaani lile jukwaa la mbao linalopangiwa mizigo, kisha huuinua mzigo mpaka juu. Kazi ambayo babu zetu makuli waliifanya kwa migongo yao, gunia baada ya gunia, gari hili huifanya kwa dakika chache. Sisi hatulichukii. Mtu anayetaka turejee kubeba kwa mgongo hajui mgongo unaouma ni nini.

Lakini gari hili si kama magari mengine. Foklifti ya kuinua tani mbili na nusu ina uzito wake yenyewe wa karibu tani nne. Gari dogo la abiria mnaloliona barabarani halifiki nusu ya hapo. Sehemu kubwa ya uzito huo imewekwa nyuma makusudi, ili mzigo wa mbele usilibinue. Hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake hufagia upande kwa ghafula, na aliyesimama karibu hubanwa kabla hajajua kwamba gari linageuka. Mzigo ukiwa umeinuliwa juu na dereva akakata kona kwa kasi, gari hupinduka. Na mzigo ukiwa mkubwa mbele ya macho yake, dereva huendesha kama kipofu.

Nchini Marekani, ambako vifo vya kazini huandikwa na kuhesabiwa, ilionekana kwamba katika miaka 15, tangu 1980 hadi 1994, foklifti ziliua wafanyakazi 1,021. Katika kila mia ya waliokufa, 22 walikufa kwa gari kupinduka, 20 walikuwa wakienda kwa miguu wakagongwa, 16 walibanwa na gari lenyewe, na 9 walianguka kutoka juu yake.

Ndugu zangu, zitazameni vizuri hesabu hizo. Watu wale elfu moja na zaidi hawakufa kwa namna elfu moja. Wengi walikufa kwa namna chache, zile zile, mwaka baada ya mwaka. Jambo linalojirudia kwa namna ile ile laweza kujulikana kabla, na linalojulikana kabla laweza kuzuiwa. Hiyo ndiyo maana ya kinga.

YALIYONIPATA

Mwaka 2017 nilikuwa dereva wa foklifti katika godauni moja la mji huu. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu sikuja hapa kuishtaki kampuni moja. Nimekuja kueleza mtindo ambao wengi wenu mtautambua.

Tulikuwa tukipakua mbolea ya mifuko kutoka katika makontena na kuipakia katika malori ya kwenda bara. Vibarua walisimama langoni alfajiri, wakahesabiwa, wakaandikwa majina katika daftari, jioni wakalipwa, kesho wakaanza upya. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja wa miaka 22, mcheshi, hodari wa kazi, ambaye alikuwa akiniletea maji ya kunywa bila kuombwa.

Siku ile ilikuwa saa nne za usiku, nami nilikuwa nimekaa juu ya gari tangu saa mbili za asubuhi. Malori yalikuwa yamepanga mstari nje. Msimamizi akaamuru tubebe paleti mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, ili malori yaondoke upesi. Nikazibeba. Sikuona mbele. Kanuni ya kazi yasema kwamba mzigo ukikuziba macho, uendeshe kinyumenyume ili uone uendako. Mimi kanuni hiyo sikuijua, maana sikufundishwa popote. Nilijifunza kwa kumtazama dereva aliyenitangulia, naye alijifunza kwa kumtazama mwingine. Honi ya gari ilikuwa imekufa wiki tatu. Katika taa tano za upande ule, mbili zilikuwa zimeungua. Njia ya watu na njia ya gari ilikuwa moja.

Nikasikia kelele. Nikadhani wananiita nifanye haraka. Nikasonga tena mbele.

Mguu wa kijana yule ulikuwa kati ya paleti na ukuta wa mifuko. Baada ya siku chache madaktari waliukata chini ya goti.

Mama yake alipofika hospitali kutoka kwao, alinikuta nimesimama mlangoni. Hakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa juu ya gari. Sikuwa na la kusema, nikamwambia, "Mama, ajali haina kinga." Akanishukuru.

AJALI ILIANZA LINI?

Sasa nawauliza, ndugu wanachama: ajali ile ilianza lini? Ukiuliza godauni, utaambiwa ilitokea saa nne za usiku. Si kweli. Saa nne za usiku ndipo ilipoonekana.

Ilianza siku ile nilipopewa ufunguo wa gari bila mafunzo wala cheti. Ikaendelea siku honi ilipokufa, nami nikasema kwa mdomo, nikajibiwa, "Tutaona," nisiseme tena. Ikaendelea siku taa zilipoungua. Ikaendelea siku lilipopangwa godauni lile bila mtu kuchora mstari mmoja wa rangi sakafuni kusema hapa apite mtu na hapa ipite gari. Ikaendelea saa kumi za jioni, wakati dereva wa zamu ya pili alipokuwa apokee gari na hakuwapo, kwa kuwa zamu ya pili ilikuwa imefutwa ili mshahara mmoja uokolewe. Kila jambo katika hayo liliamuliwa na mtu mwenye akili timamu, mchana kweupe, kwa hesabu ya shilingi. Na gharama ya kuyazuia yote, naapa, haifikii bei ya mguu wa mtu. Ile honi na zile taa hazifikii hata bei ya paleti moja ya mbolea.

Wahenga walituambia: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika godauni lile zilikuwapo nyufa tano au sita, zote zikionekana kwa macho, nasi sote tukapita mbele yake kila siku: tajiri, msimamizi, dereva na kibarua. Mimi sijitoi katika hesabu hiyo.

KARATASI

Siku ya tatu msimamizi aliniita ofisini, akanipa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba kijana yule hakuwa kazini siku ile. Kwamba aliingia godauni bila ruhusa kumtafuta ndugu yake, akapita mahali pasipopitwa. Daftari la langoni lilikuwa mezani. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umeandikwa upya, wote kwa mwandiko mmoja, na jina lake halikuwamo.

Nikaambiwa, "Wewe huna cheti cha kuendesha gari hili. Jambo hili likifika mbele, atakayefungwa ni wewe. Weka saini, sisi tukulinde."

Uangalieni ujanja huo, ndugu zangu. Waliponipa gari walijua sina cheti, na wakati huo cheti hakikuwa na maana. Mtu alipovunjika, ukosefu wa cheti ukageuka kamba ya kunifunga mimi, nami nikaitumia kamba hiyo hiyo kumfunga mwenzangu. Nina watoto watatu. Nikaweka saini.

Kijana yule hakupata fidia. Alipewa nauli ya kurudi kwao. Nilipopata moyo wa kwenda kusema kweli, mwaka mmoja na miezi kadhaa ilikuwa imepita, daftari lilisema hakuwapo, na ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa karatasi yenye saini yangu.

Wiki iliyopita nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kusema habari hii mbele yenu. Siku hizi anatengeneza simu na redio kijijini kwao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sema, kaka. Lakini usiseme ya mguu tu. Sema na ile ya karatasi."

Ndiyo maana nimeisema.

KISINGIZIO NI KILE KILE

Wananchi, jambo hili halikuanza leo. Wazee wa gatini walitusimulia kwamba wakati wa ukoloni kuli akiangukiwa na mzigo, neno la kwanza la bwana mkubwa lilikuwa: uzembe. Mwafrika mzembe, Mwafrika hasikii, Mwafrika hajui mashine. Mzigo kufungwa kwa kamba iliyooza halikuwa neno.

Watu wale hawakukaa kimya. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na mwaka ule ule wenzao wa Mombasa nao wakagoma. Mwaka 1947 miji yote miwili ikasimama tena, na mgomo wa Dar es Salaam ukatoka gatini ukaifuata reli mpaka bara. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Katika madai ya vyama hivyo lilikuwamo jambo kubwa kuliko mshahara: mfanyakazi ahesabiwe kuwa mtu. Na mtu hatupwi kama kamba iliyokatika.

Wakoloni walituachia sheria ya fidia iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na sheria ya viwanda ya mwaka 1950. Bendera ikapanda. Lakini semeni kweli: sheria ile ya fidia tuliiacha ikae nasi miaka mingi mno. Ilifika mahali ambapo mfanyakazi aliyelemaa kabisa hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000, na aliyekufa shilingi 83,000. Fedha hiyo haikutosha hata kumsafirisha marehemu na kumzika kwao. Hapo hatuwezi kumlaumu mkoloni. Tulikuwa tumekaa mezani sisi wenyewe.

Na kile kisingizio cha zamani hakikupanda meli kurudi Ulaya. Leo huvaa shati la kwetu na husema Kiswahili safi: "Uzembe wa dereva." "Kibarua hakuwa makini." Mwenye godauni anaweza kuwa mgeni, anaweza kuwa ndugu yetu wa damu, mfupa ukivunjika hauulizi. Na sisi tunaosema twaipenda nchi yetu, tukiacha mwana wa nchi avunjwe na mwana wa nchi mwenziwe kisha tuseme ajali haina kinga, basi upenzi wetu huo una walakini.

Sisemi kwamba wafanyakazi hawana makosa. Tunayo. Nimeona vijana wakipanda juu ya ndimi za foklifti wainuliwe wachukue mzigo wa juu, wakicheka. Nimeona dereva akiongea na simu mkono mmoja. Nimeona mtu amelewa saa tatu za asubuhi. Hayo ni mabaya na hatuyafichi. Lakini mnajua kwa nini kijana hupanda juu ya ndimi? Hupanda kwa sababu ngazi haipo, na msimamizi anatazama, na asiyepanda kesho haandikwi langoni. Mahali pa kazi palipopangwa vizuri, kosa la mtu mmoja huishia kwenye aibu. Mahali palipopangwa vibaya, kosa lile lile huishia kaburini.

HAKI TULIYO NAYO

Sasa sikilizeni mambo ya haki, maana haki usiyoijua ni kama fedha iliyozikwa katika shamba la jirani.

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyochukua mahali pa ile ya viwanda ya mwaka 1950. Inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama, atoe vifaa vya kujikinga, na inataka wawakilishi wa usalama na afya kazini. Vyombo vya kuinulia mizigo vyapaswa kukaguliwa. Wakala wa Serikali uitwao OSHA ndio wenye kazi hiyo.

Tunayo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Fedha za Mfuko huo huchangwa na mwajiri peke yake. Mwaka 2022 kiwango cha mchango kilishushwa hadi nusu shilingi katika kila shilingi mia za mshahara. Msimamizi akiwakata vibarua ujira na kusema ni mchango wa fidia, jueni anawaibia.

Fidia hiyo haingoji kwanza ithibitike kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Yatosha kwamba umeumia ukiwa katika kazi yake. Mfuko hulipa matibabu. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Aliyepata ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo hulipwa pensheni kila mwezi. Mfanyakazi akifa, uko msaada wa mazishi, na mjane, mgane na watoto wana malipo yao. Lakini madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Narudia kwa ajili ya waliokaa nyuma: miezi 12. Kuumia leo na kungoja huruma ya tajiri mpaka mwakani ni kujinyima mwenyewe.

Hata ulimwengu mzima umeliona jambo hili. Shirika la Kazi Duniani, ambalo Tanganyika iliingia mwaka 1962, lilitangaza mwezi Juni 2022 kwamba kufanya kazi mahali salama ni moja ya haki za msingi za kazi, pamoja na haki ya kuunda chama na haki ya kutolazimishwa kazi. Mwaka uliofuata Shirika hilo likatoa hesabu kwamba watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao, na kati yao kiasi cha 330,000 hufa kwa ajali. Wengine wote huuawa na maradhi ya kazini. Hakuna vita katika miaka hii inayoua wafanyakazi wengi namna hiyo, na bado magazeti mengi hayaitaji.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi tufanye nini? Kulalamika peke yake hakumrudishii mtu mguu. Kamati yetu inaleta mbele yenu mambo sita, nanyi myapime.

Kwanza, asiyefundishwa asiendeshe. Kijana akipewa ufunguo wa foklifti bila mafunzo, asione amepandishwa cheo. Ajue amebebeshwa kosa la mtu mwingine. Tumdai mwajiri ampeleke chuoni kwanza.

Pili, gari likaguliwe kila siku kabla ya zamu: breki, honi, taa, magurudumu, minyororo, mafuta yanayovuja. Ubovu uandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyeambiwa. Nilikosa hapo. Nilisema kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayakusimama kunishuhudia.

Tatu, watu wawe na njia yao na gari liwe na njia yake. Ndoo moja ya rangi na siku moja ya kazi yatosha kuanza.

Nne, dereva afunge mkanda, mzigo uende ukiwa chini karibu na sakafu, na mtu yeyote asiinuliwe juu ya ndimi. Gari likianza kupinduka, dereva asiruke. Wengi huruka upande ule ule gari linakoangukia, likawaponda. Ajishike imara ndani ya kiti na kuegemea upande wa pili.

Tano, kila kibarua ahakikishe jina lake limeandikwa langoni kila asubuhi. Siku hizi wengi wana simu yenye kamera. Ukurasa wa daftari upigwe picha na mtu mmoja mnayemwamini. Mtu akiumia, waandikwe mashahidi siku ile ile, ajali itolewe taarifa, na nakala ibaki kwetu.

Sita, na hili ndilo zito: asitokee mtu kuweka saini karatasi ya uongo juu ya mwenziwe. Najua mtaniuliza, "Wewe uliweka, kwa nini sisi tusiweke?" Nawajibu kwamba mimi niliitwa ofisini peke yangu, nikaingia peke yangu, nikaogopa peke yangu. Ningeingia na watu watano wa chama cha wafanyakazi, karatasi ile ingebaki mezani. Ndiyo sababu nawaomba asiitwe mtu ofisini baada ya ajali akaenda peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yatawafukuza wenye mitaji. Mimi siamini. Mwenye akili hujua kwamba godauni ambalo watu hawavunjiki ndilo ambalo mzigo hauharibiki, dereva hodari haondoki, na kazi haisimami. Na yule ambaye faida yake haipatikani ila kwa mifupa ya vijana wetu, huyo hakuleta mali katika nchi yetu, alikuja kuichukua.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Kesho saa kumi na mbili za asubuhi wengi wenu mtasimama langoni. Siwaombi mfanye jambo kubwa. Ulizeni mambo mawili tu: Je, jina langu limeandikwa? Je, honi ya gari lile inalia? Mkiuliza mmoja mmoja, mtaonekana wakaidi. Mkiuliza watu arobaini kwa pamoja, kwa adabu, kila asubuhi, honi italia.

Mama wa kijana yule yu hai. Bado sijamwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa juu ya gari. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitakwenda kwao kumwambia. Nitamwambia pia kwamba siku ile mlangoni mwa hospitali nilimdanganya, naye akanishukuru kwa uongo. Ajali ile ilikuwa na kinga. Hatukuiweka.